Kijana Anataka Mteja Anayelipa
(Hotuba ya mweka hazina katika harambee ya mwaka)

   

Mtu asiyetoka kwetu akisikia jina Makanyagio, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni baiskeli. Nimefanya kazi na watu wa mikoa mingi na wote wamenitania hivyo. Mimi huwajibu kwamba hawajakosea, kwa sababu baiskeli ikiwa na kengele nzuri, taa na kiti cha ngozi lakini haina makanyagio, haiendi popote. Naomba mlikumbuke hilo, maana jioni hii ninakusudia kusema jambo moja tu, nalo linahusu kinachoifanya kata yetu iende.

Kila mwaka katika harambee hii tunazungumza habari ya kuwasaidia vijana wa nyumbani wanaojaribu biashara: mafundi wa kuchomelea, maseremala, mafundi cherehani, mama lishe, vijana wenye vibanda vya simu na saluni. Kila mwaka tunasema tatizo lao ni mtaji. Nami nimelisema hilo kwenye kipaza sauti, miaka miwili mfululizo. Leo nimesimama kusema kwamba nilikuwa nimeona nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni sisi.

Nitawaeleza yaliyotokea. Jina la kijana silitaji, kwa ombi lake mwenyewe.

Wote mnajua kwamba elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto walijaa madarasani nchi nzima na madawati hayakutosha. Kwetu pengo lile halijawahi kuzibwa vizuri, kwa sababu watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi, ambao ndiyo kwanza ulikuwa umeanzishwa, na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Katika miaka kumi mkoa umezidi mara mbili. Kwa hiyo mwaka juzi mkutano mkuu uliamua tuchangie madawati 40, na kwa mara ya kwanza tukaamua yasinunuliwe mjini kwingine. Yatengenezwe Makanyagio, na kijana wa Makanyagio. Tulipiga makofi siku ile. Picha ya makofi yale ilitoka kwenye kijitabu hiki.

Kijana tuliyempa kazi ana karakana ndogo ya mabati kando ya barabara. Alisomea ufundi stadi, akafanya kazi kwa watu, akanunua mashine yake ya kuchomelea na grenda kwa akiba ya miaka minne. Tulikubaliana naye shilingi 75,000 kwa dawati, jumla shilingi 3,000,000. Skwea paipu, mbao, rangi na skrubu vilihitaji shilingi 2,000,000. Sisi tulimpa malipo ya awali shilingi 500,000, tukamwambia zilizobaki atapata akishakabidhi kazi.

Hebu tupige hesabu pamoja. Alipungukiwa shilingi 1,500,000 za vifaa. Benki haimjui, na nyumba anayoishi ni ya kupanga. Akaenda kukopa kwa watu wa kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, yaani shilingi 300,000 kila mwezi. Alijipa moyo kwamba kazi ni ya wiki tano, atalipwa, atarudisha mkopo na riba ya mwezi mmoja au miwili, na bado atabaki na kitu.

Kazi aliimaliza kwa wakati. Sisemi kwamba ilikuwa kamilifu. Madawati matatu yalikuwa yanayumba, mwalimu mkuu akamwita, naye akayarudia bila kudai senti. Akaleta ankara. Ankara ile niliipokea mimi.

Fedha zilikuwepo benki, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini hundi yetu inahitaji saini tatu, na mtia saini mmoja alikuwa safarini. Aliporudi, Mwenyekiti aliyepita akataka kamati ikae kwanza. Kamati ikaitwa, akidi haikutimia. Ikaitwa tena, ukaingia msiba. Mimi bahasha niliiweka kwenye droo, na kila kijana alipopiga simu nilimjibu kwa upole kabisa: wiki ijayo, mdogo wangu, wiki ijayo. Tulimlipa baada ya miezi mitano.

Miezi mitano kwa shilingi 300,000 ni shilingi 1,500,000 za riba. Ukijumlisha na mkopo wenyewe, alitakiwa kurudisha shilingi 3,000,000. Sisi tulikuwa tumebaki kumlipa shilingi 2,500,000. Hapo bado hajawalipa vijana wawili waliomsaidia, shilingi 400,000. Kwa hiyo kazi tuliyoipigia makofi ilimwacha na pengo la shilingi 900,000. Akauza mashine ya kuchomelea. Haikutosha, akauza na grenda.

Haya yote sikuyajua. Niliyajua nilipokwenda nyumbani Desemba. Nilipita karakana nikakuta kibao chake bado kipo lakini mlango una kufuli. Jirani akaniambia kijana yuko Dilifu, machimboni, anachimba dhahabu na wenzake. Ninyi mnafahamu maana yake. Kijana wa kwetu akishindwa mjini, anaingia shimoni. Wapo wanaopata, na wapo tuliowazika.

Alirudi jumamosi ile, tukaonana. Akaniamkia, "Shikamoo baba mdogo," kwa sababu mama yake na marehemu mke wa kaka yangu ni watu wa ukoo mmoja. Nikamuuliza, mbona umeacha ufundi? Akasema, "Sijaacha, baba mdogo. Mashine sina." Nikaanza kujieleza habari ya saini na akidi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mngeniambia miezi mitano tangu mwanzo, ningeikataa kazi au ningejipanga. Ila mliniambia wiki ijayo."

Ndugu zangu, sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tulikuwa tunaisema methali hiyo kwa vijana. Safari hii matanga yalikuwa ya kwetu sisi wenye kadi za uanachama na tisheti za harambee.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza maswali, na nikagundua kwamba jambo hili si la kijana mmoja. Nilikaa asubuhi nzima kwenye duka la mama mmoja mtaani kwetu. Alinionyesha daftari la madeni. Kwenye kurasa za Desemba na Januari majina mengi yalikuwa ya sisi wageni wa sikukuu. Soda kreti mbili, mchele kilo kumi, mafuta lita tano, "nitakutumia kwenye simu nikifika." Wengine tumeshafika mara tatu na kurudi. Mama yule alicheka tu akasema, "Hao ni watoto wetu, nitawadaije?" Lakini mtu wa jumla anayempa mali hacheki. Rafu zake zilikuwa nusu tupu, na watu wa mtaa wanapokosa kitu kwake wanapanda bodaboda kwenda kununua kwingine. Kila anayefanya hivyo ni mteja aliyepotea, na wengi hawarudi.

Fundi cherehani mmoja alinieleza jambo lile lile kwa upande wa sare za shule. Kazi zipo, tena nyingi, Desemba na Januari. Lakini mzazi analeta kitambaa na nusu ya ujira, anachukua sare watoto wafungue shule, nusu ya pili inabaki maneno. Kijana wa saluni ana hadithi yake, na fundi wa baiskeli ana yake.

Kwa hiyo naomba tubadilishe namna tunavyosema. Makanyagio haina uhaba wa vijana wenye mikono. Wala haina uhaba wa wateja. Mkoa umeongezeka watu zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi, na watu hao wanakula, wanavaa, wanajenga, wanalalia vitanda. Kinachowavunja vijana wetu ni muda ulio kati ya kazi kukamilika na fedha kufika. Katika muda huo ndipo kausha damu anapokula. Ukimpa kijana mtaji wa shilingi milioni moja, halafu ukakaa na ankara yake miezi mitano, umempa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Historia ya mji wetu inatufundisha kitu hapa. Wazee waliopo wanakumbuka kwamba reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ile ilijengwa ili kitu kitoke. Mgodi ulipofungwa, mji ulibaki na reli na watu wake. Mpaka leo mambo yetu mengi yanafuata njia ile ile. Mpunga wa Kakese na Mwamkulu unatoka, asali ya Inyonga inatoka, na fedha yake inapoingia mjini hailali siku mbili. Inatoka tena kwenda kununua kiti, kitanda na sare vilivyotengenezwa mbali. Mimi naishi Dar es Salaam miaka kumi na tisa. Kwenye duka la mtaani kwangu sijawahi kuuona mfuko wa mchele ulioandikwa Mpanda. Sisi wenyewe hatujawahi kuuliza.

Sasa wapo watakaosema Serikali ina mikopo. Ni kweli, na tuwahimize vijana waitumie. Halmashauri zote zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Lakini tunakumbuka pia kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikaja kurejea mwaka 2024. Kijana aliyekuwa na oda mkononi mwaka ule hakuweza kusubiri. Tena mkopo ni kwa kikundi, na oda mara nyingi ni ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulizungumzi. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Hizo ni ofisi za mkoa, manispaa, shule, vituo vya afya. Zote zipo Mpanda, na zote zinanunua meza, viti, mapazia na chakula cha semina. Tenda hizo siku hizi zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kijana wa karakana ya mabati hana TIN, hana leseni, kikundi chake hakijasajiliwa, na mfumo wenyewe hajawahi kuuona. Na hata akiipata tenda, ofisi nayo italipa baadaye. Tunarudi pale pale kwenye muda wa kungoja.

Kamati Tendaji imekaa mara tatu juu ya jambo hili, na safari zote tatu akidi ilitimia. Tumeamua yafuatayo, na ndiyo tunayowaombeeni michango leo.

Kwanza, tulianza na deni letu. Kamati imemlipa kijana yule shilingi 900,000. Nasisitiza kwamba hatukumpa msaada. Tumemlipa hasara tuliyomsababishia. Amenunua mashine ya kuchomelea iliyotumika, na karakana imefunguliwa. Grenda bado anaazima.

Pili, tunaanzisha Mfuko wa Oda. Lengo ni shilingi 12,000,000, sawa na wanachama 120 kwa shilingi 100,000 kila mmoja. Mfuko huu hautagawa fedha kwa mtu aliyekuja na maneno matupu. Kijana au mama atakuja na oda iliyoandikwa na kusainiwa na mnunuzi, ikionyesha kazi, bei na tarehe. Mfuko utamtangulizia mpaka nusu ya thamani ya oda, bila riba. Mnunuzi akilipa, fedha inarudi mfukoni na kwenda kwa mwingine. Oda ya shilingi 3,000,000 itahitaji shilingi 1,500,000, kwa hiyo mfuko ukijaa unaweza kubeba oda nane za ukubwa huo kwa wakati mmoja. Oda ndogo, kama sare 30 za shule au vitanda vitatu, zitakuwa nyingi zaidi.

Tatu, kila atakayepewa atakuwa na wadhamini wawili, na wadhamini hao wawe mafundi au wafanyabiashara wenzake wa Makanyagio. Wao wanajuana. Asiyerudisha, yeye na wadhamini wake hawatapewa tena mpaka deni liishe. Hatutakwenda kwa mtu kuchukua godoro, lakini pia hatutafumba macho.

Nne, kutakuwa na mtu mmoja nyumbani, kwa posho ndogo, atakayewasaidia vijana kupata TIN, leseni ya biashara, usajili wa jina BRELA na kujisajili NeST. Vijana wetu nao wana wajibu. Dawati lisiyumbe. Tarehe iheshimiwe. Simu ipokelewe hata siku ambayo kazi haijakamilika. Risiti itolewe. Mteja aliyeumizwa mara moja na fundi wa nyumbani atakwenda kununua mbali, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tano, na hili linatuhusu sisi. Chama chetu kitanunua kwanza Makanyagio kila kitu kinachoweza kutengenezwa Makanyagio. Kitatoa nusu ya malipo siku ya kuweka oda, na nusu iliyobaki ndani ya siku 14 baada ya kazi kukabidhiwa na kukaguliwa. Watia saini wamekuwa watano, na wawili wanatosha. Na mwakani, katika harambee kama hii, mweka hazina atasimama hapa asome tarehe ya kila ankara na tarehe ya kila malipo, moja baada ya nyingine, mbele yenu. Ikiwa ni mimi, mtanisikia. Ikiwa nimechelewa, mtanisikia pia.

Najua baadhi yenu mnajiuliza, hivi vitu vya nyumbani si vina bei juu? Wakati mwingine ndiyo. Fundi anayenunua skwea paipu mbili mbili, kwa miaka mingi akifanya kazi kwa umeme wa jenereta za mji uliokatika atakavyo, hawezi kushindana kwa bei na kiwanda. Lakini mpigie hesabu mwenye fedha ya kununua vifaa vya madawati 40 kwa mara moja, asiyelipa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya ile bei juu tunayoilalamikia ilikuwa ni riba. Tulikuwa tunamlipa kausha damu kupitia kwa fundi.

Wazee wangu, ndugu zangu, nina ombi la mwisho, na hili halihitaji bahasha wala kadi ya ahadi. Kila mmoja wetu ana daftari mahali fulani Makanyagio ambalo jina lake limeandikwa. Inaweza kuwa shilingi 4,000, inaweza kuwa 40,000. Simu mnazo mikononi. Kabla chakula hakijaletwa, mtumie yule mama, yule fundi, yule kijana. Msiandike ujumbe mrefu. Dawa ya deni ni kulipa. Mimi wa kwangu nimemlipa asubuhi hii, shilingi 18,500, kreti na nusu ya soda ya Krismasi. Alinipigia kuuliza kama nimekosea namba.

Tukilifanya hilo, baiskeli yetu itaanza kusogea hata kabla mfuko haujajaa. Kisha tuchangie mfuko.

Kadi za ahadi ziko mezani. Atakayeahidi, aandike na tarehe atakayotimiza, maana tarehe hiyo nayo itasomwa.

Mungu aibariki Makanyagio, aibariki Katavi, aibariki Tanzania.